Muulize Mama Mhandisi: Meli ya anga yenye mkuku, Zeppelin ya Mahenge na boti ya mpira juani

Barua za safari hii zimenifurahisha, maana karibu zote zinahusu vitu vinavyojazwa upepo. Nadhani kuna video inazunguka kwenye simu zenu. Mimi ni binti wa fundi turubai wa Gerezani, nimekulia katikati ya marobota ya kitambaa na harufu ya nta, kwa hiyo leo mtanivumilia nikirefusha. Barua ya kwanza nimeijibu kwa raha zangu. Zilizofuata zimegawana nafasi iliyobaki.

SWALI: Shikamoo Mama Mhandisi. Mimi ni mwanafunzi wa ufundi mitambo, naishi Tabata. Nimeona kwenye simu ile meli ya anga ya matangazo ya kampuni ya matairi ya Goodyear. Msimuliaji anasema hizi za sasa si mfuko mtupu kama za zamani. Zina kiunzi ndani, ila si kiunzi kamili kama zile Zeppelin za Wajerumani. Ziko katikati. Tumebishana kijiweni mpaka usiku. Mimi nasema huo ni ubahili: ama ukikaze chombo chote, ama ukiache kiwe puto. Wenzangu wanasema kuna sababu, lakini hakuna aliyeweza kuitaja. Na je, jambo hili lipo kwenye meli za anga tu?
— Mwanafunzi, Tabata

JIBU: Marahaba, mwanangu. Wenzako wako sahihi, ingawa kwa kushindwa kutaja sababu nao hawastahili soda. Kabla hujabisha tena, tafuta kipande cha turubai.

Kishike ncha mbili ukivute. Kinakaza, na kwa nguvu zako zote hutakichana. Sasa kisukume, ncha moja ielekee nyenzake. Hakikupingi hata kidogo, kinajikunja tu. Kitambaa chochote, kiwe cha kufunika lori au cha meli ya anga, kinajua kuvutwa, hakijui kusukumwa. Ukilishika hilo, yaliyobaki ni hesabu.

Meli ya anga isiyo na kiunzi ni mfuko mrefu wa gesi. Gesi inaunyanyua mfuko kuanzia puani hadi mkiani, kidogo kidogo kila mahali. Uzito haukai hivyo. Kibanda cha rubani na abiria kiko sehemu moja, injini ziko hapo hapo kibandani, mapezi ya mkia yako nyuma kabisa. Basi penye uzito mfuko unavutwa chini, kwingine unanyanyuliwa juu, na chombo kinataka kupinda. Kitu kirefu kikipinda, upande mmoja unavutwa na upande wa pili unasukumwa. Huo wa pili ndio wa kuuogopa, kwa sababu ni kitambaa.

Dawa ya kwanza ni presha. Mfuko ukijazwa mpaka ukakaza, kitambaa chote kinakuwa kimeshavutwa kabla mzigo haujaja. Mzigo ukija, ule upande unaosukumwa haujikunji papo hapo. Unaanza kwa kupoteza mvuto uliokuwa nao. Mvuto ukiisha, mkunjo wa kwanza unatokea, na kuanzia hapo chombo kinajipinda kama mtu aliyeshikwa na kichomi.

Usidhani presha yenyewe ni kubwa. Ni kama paskali 500, ile ya kupandisha maji sentimita tano tu kwenye mpira mwangavu ambao mafundi waashi wanapimia leveli. Tairi la bodaboda lina presha mara mia nne ya hiyo. Lakini presha ndogo ndani ya mfuko mnene inazaa nguvu kubwa. Hesabu yake ni nyepesi: zidisha presha kwa nusu kipenyo. Mfuko wenye nusu kipenyo cha mita 7 ukiwa na paskali 500 unakivuta kitambaa kwa nyutoni 3,500 katika kila mita moja ya upana. Hiyo ni sawa na kuning'iniza mifuko saba ya saruji ya kilo 50 kwenye kipande cha upana wa mita moja. Marehemu baba angeuliza kwanza, uzi gani umeshonea hapo?

Ukirefusha chombo, nguvu za kukipinda zinaongezeka. Ukitaka kisipinde, ongeza presha. Ukiongeza presha, kitambaa kiwe kinene zaidi. Kikiwa kinene, kinakula ule uzito uliokusudia kuubeba. Sisemi haiwezekani: mwishoni mwa miaka ya 1950 jeshi la majini la Marekani lilirusha meli za mfuko mtupu zenye urefu wa mita 123 na ujazo wa zaidi ya mita za ujazo 42,000. Ila kila mita unayoongeza unailipia kwenye kitambaa.

Ukienda upande wa pili kabisa, kama unavyotaka wewe, unapata Zeppelin za enzi zile. Pete kubwa za duralumini, yaani alumini iliyochanganywa na madini mengine ikawa ngumu, zimeunganishwa kwa mihimili mirefu, gesi iko kwenye mifuko kadhaa ndani, na kitambaa cha nje ni cha kukinga upepo na mvua tu. Hakina presha yoyote. Umbo linashikwa na mifupa. Chombo cha namna hiyo kinalipa kikiwa kikubwa sana, kama Hindenburg iliyokuwa na urefu wa mita 245. Kikiwa kidogo, mifupa peke yake inamaliza nguvu ya gesi na abiria wanabaki chini wakipunga mikono.

Sasa njoo katikati. Chukua ule mfuko wa presha, upitishie mkuku chini au ndani yake, kenchi ndefu ya mabomba au alumini kutoka puani kwenda mkiani. Kibanda, injini, matangi ya mafuta na mapezi vyote vifunge kwenye mkuku, usivifunge kwenye kitambaa. Mkuku unapokea kule kusukumwa. Kitambaa kinabaki na kazi yake ya kuvutwa na kutunza umbo, na presha inaendelea kuhitajika kwa ajili ya umbo hilo. Ninyi mlidhani kiunzi na presha vinafanya kazi moja, ndiyo maana nusu ya hiki na nusu ya kile ikaonekana ubahili. Kumbe vimegawana kazi, na kila kimoja kimepewa ile inayokifaa.

Hiyo uliyoiona kwenye simu ni ya aina hiyo, Zeppelin NT kutoka Friedrichshafen, Ujerumani. Iliruka mara ya kwanza Septemba 1997. Ina urefu wa mita 75. Ndani ya mfuko imepita mihimili mitatu mirefu ya alumini, imeunganishwa na fremu za pembetatu za nyuzi za kaboni. Goodyear walianza kutumia zao mwaka 2014, wakiziacha zile za mfuko mtupu. Tazama tena video yako uangalie injini zimekaa wapi: mbili ubavuni, juu na mbali na kibanda, na nyingine mkiani. Kwenye mfuko mtupu ungezifunga kwenye nini? Kwa kuwa sasa kuna chuma cha kukaza bolti, fundi amezisogeza mbali na masikio ya abiria, na pangaboi zake zinageuzwa kuelekea juu au chini ili chombo kitulie hewani bila kundi la watu kukivuta kwa kamba.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1902 ndugu wawili wa Kifaransa, akina Lebaudy, wenye viwanda vya sukari, walirusha meli yao ya manjano iliyochorwa na mhandisi Henri Julliot. Mfuko ulikaa juu ya kiunzi cha mabomba ya chuma. Jeshi la Ufaransa likazipenda. Tarehe 25 Septemba 1909 mojawapo, République, ilivunjika pangaboi ikiwa angani. Kipande kikaruka kikachana mfuko, na wanajeshi wanne wakafa. Pangaboi moja tu. Nakusimulia hilo usije ukatoka hapa ukidhani mkuku unatibu kila kitu, maana mkuku haushiki gesi.

Bingwa wa aina hii alikuwa Mwitaliano Umberto Nobile. Meli yake Norge, mita 106, iliondoka Ny-Ålesund kule Svalbard tarehe 11 Mei 1926, ikapita juu ya Ncha ya Kaskazini tarehe 12, ikatua Teller, Alaska, tarehe 14. Ndani walikuwamo watu 16, pamoja na Roald Amundsen wa Norwei, Lincoln Ellsworth wa Marekani, Nobile mwenyewe, na mbwa wake. Ninachokipenda mimi ni mkuku wake. Ulikuwa kenchi ya pembetatu ya mabomba ya chuma, na katikati yake mlikuwa na njia ya kupita mtu. Matangi ya petroli yalipangwa humo. Njiani barafu iliganda kwenye pangaboi, ikawa inarushwa kama mawe na kutoboa kitambaa, na watu wakawa wanapita ndani ya mkuku kwenda kuziba matundu huku safari inaendelea. Fundi turubai yeyote wa Gerezani angejiona yuko nyumbani, isipokuwa baridi.

Miaka miwili baadaye Nobile alirudi huko na meli ya namna hiyo hiyo, Italia. Tarehe 25 Mei 1928 ilishuka ikapiga barafu. Kibanda kiling'oka, na mfuko uliopoteza uzito ukapaa na watu sita ambao hawakuonekana tena. Amundsen naye alipotea mwezi uliofuata, akiwa kwenye ndege ya kwenda kuwatafuta.

Uliuliza kama jambo hili lipo kwenye meli za anga tu. Nenda kaangalie ghala lolote la chuma barabara ya Nyerere. Pale boriti inapokutana na nguzo kuna bamba na bolti. Shuleni unafundishwa kukihesabu kiungo hicho ama kama bawaba inayozunguka bila kupinga, ama kama kitu kilichoganda kabisa. Kiungo halisi cha bolti hakiko hivyo wala vile: bamba linapinda kidogo, bolti zinavutika kidogo, halafu zinakataa. Kanuni za Ulaya za majengo ya chuma, Eurocode 3, zimekitambua kiungo hicho cha katikati kama kundi la tatu, chenye hesabu zake. Mhandisi akikipima sawasawa, anaweza kupunguza ukubwa wa boriti. Kazi ni ngumu zaidi mezani, ndiyo maana wengi wanaikwepa.

SWALI: Mama, hizi meli za anga si ndizo ziliwaka moto? Mbona mnazisifu?
— Dereva wa bajaji, Temeke

JIBU: Ziliwaka, na hata zenye mkuku hazikupona. Marekani waliinunua moja kutoka Italia, jina lake Roma. Tarehe 21 Februari 1922, huko Norfolk, Virginia, usukani wake wa mkiani ulilegea, ikashuka mpaka ikagusa nyaya za umeme mkubwa. Watu 34 walikufa. Hindenburg iliungua tarehe 6 Mei 1937 ikiwa inatua Lakehurst, New Jersey, wakafa 36.

Zote mbili zilijazwa haidrojeni, gesi nyepesi kuliko zote, nayo inawaka. Baada ya ajali ya Roma, Wamarekani walihamia heliamu, ambayo haiwaki hata uishikie kiberiti. Inanyanyua pungufu kidogo tu, kama asilimia 93 ya haidrojeni. Wajerumani hawakuwa nayo, kwa kuwa karibu yote ilikuwa Marekani na sheria ilizuia kuiuza nje. Hizi za leo zote za abiria zina heliamu. Kwa hiyo moto usikutishe. Upepo ndio wa kuuogopa, na nitaufikia.

SWALI: Mwanangu Mama Mhandisi, hujambo. Mimi ni mzee wa Mahenge, sasa nakaa kwa mwanangu Mbagala. Babu yetu alikuwa akisimulia kwamba wakati wa vita vya Wajerumani na Waingereza, askari waliambiwa kuna merikebu inakuja kwa njia ya angani, imebeba dawa na risasi. Wajukuu wananicheka. Je, ni hadithi tu? Na hiyo nayo ilikuwa na mkuku?
— Mzee, Mbagala Rangi Tatu

JIBU: Shikamoo baba. Waite wajukuu wasome hapa kwa sauti.

Merikebu hiyo ilikuwapo, iliitwa L59. Iliondoka Jamboli, Bulgaria, tarehe 21 Novemba 1917, nahodha wake akiwa Ludwig Bockholt. Ilivuka Bahari ya Kati, ikaingia Misri, ikashuka na jangwa mpaka Sudan. Ilikuwa na urefu wa zaidi ya mita 226 na shehena ya tani kama 15: risasi, bunduki za rashasha, dawa. Yote hayo yalikuwa ya Jenerali Lettow-Vorbeck na askari wake huku kwetu.

Kuhusu mkuku: hii ilikuwa na mifupa kamili, ya aina ile ya Hindenburg. Na hapo kuna jambo ambalo nikiliwaza natikisa kichwa. Wajerumani walijua kwamba ikifika huku hairudi, kwa sababu haidrojeni ya kuijaza tena ingetoka wapi? Kwa hiyo walipanga meli yenyewe iwe shehena. Kitambaa cha nje kingekatwa mahema. Kitambaa cha ndani kingefungia majeraha. Mifupa ya duralumini ingejengea. Meli iliyoshonwa ili ifumuliwe!

Haikufika. Tarehe 23 Novemba, ikiwa magharibi ya Khartoum, ilipokea amri kwa redio igeuze. Mahenge yenu ilikuwa imeshatekwa tangu Oktoba, na Lettow-Vorbeck alikuwa akirudishwa nyuma kuelekea kusini. Meli ilirudi Jamboli tarehe 25 Novemba, imekwenda kilomita 6,757 kwa saa 95 bila kutua. Siku hiyo hiyo Lettow-Vorbeck alikuwa akivuka Ruvuma kuingia upande wa Wareno. L59 iliungua angani Aprili 1918, karibu na Italia, na wote waliokuwamo wakafa.

Babu yenu hakutunga, baba. Kama bado kuna anayekumbuka alivyosimulia, mrekodini kwenye simu leo hii.

SWALI: Mama, mimi nasafirisha mizigo kutoka Kariakoo kwenda mikoani. Barabara ni tabu masika. Kwa nini tusilete hizo meli za anga? Hazihitaji lami wala uwanja wa ndege.
— Mfanyabiashara, Kariakoo

JIBU: Nimeulizwa swali hili mara nyingi na wenye malori, na huwa nawaambia waanze na mizani.

Ile Zeppelin NT ya mita 75 ina ujazo wa mita za ujazo 8,400 hivi, na inabeba abiria 12 au 14. Coaster ya mita saba inabeba zaidi, na haihitaji kufungwa kwenye mlingoti. Joto letu nalo linakula. Kwenye nyuzi 15 mita moja ya ujazo ya heliamu inanyanyua kama gramu 1,056. Kwenye nyuzi 32 za Dar inanyanyua kama gramu 997. Kwa mfuko huo mzima umepoteza karibu nusu tani kabla hujapakia boksi moja.

Kisha fikiria kushusha. Lori likishusha tani kumi linabaki pale pale. Meli ya anga ikishusha tani kumi inapaa. Lazima upakie tani kumi za maji au mchanga wakati ule ule unaposhusha, na huko porini unakokwenda maji yenyewe ni ya kupanga foleni.

Wajerumani waliojaribu kwa nguvu zote ni kampuni ya CargoLifter. Walichora meli yenye mkuku ya urefu wa mita 260 ya kubeba tani 160. Banda la kuijengea lilisimama huko Brand, kusini mwa Berlin: urefu mita 360, upana mita 210, kimo mita 107. Meli yenyewe haikujengwa, na mwaka 2002 kampuni ikafilisika. Leo banda hilo lina mchanga, mabwawa ya kuogelea na mimea ya joto, na Wajerumani wanalipa kiingilio kwenda kuota joto ambalo wewe unalipata bure ukishuka Feri.

Bara letu limewahi kuitumia lakini. De Beers waliikodi Zeppelin NT kutafuta almasi Botswana, kwa sababu inaruka polepole bila mtikisiko, na vipimo vyao vya mvutano wa ardhi vinataka utulivu huo. Tarehe 20 Septemba 2007 ikiwa imefungwa kwenye mlingoti wake, kisulisuli kiliipiga kikaiharibu. Angani ilikuwa salama, ikaharibikia ardhini. Mwenye kutaka kuleta moja Dar aniambie kwanza banda ataliweka wapi siku kusi inapovuma.

SWALI: Mama Mhandisi, napeleka wageni visiwani Mbudya na Bongoyo. Nauziwa boti iliyotumika, chini ni faiba, pembeni ina maboya ya mpira ya kujaza upepo. Mwuzaji anasema hazizami. Nichukue?
— Nahodha, Kunduchi

JIBU: Nahodha, hiyo ni ndugu ya meli ya Nobile iliyoamua kukaa majini. Faiba ndiyo mkuku, inakata wimbi na kubeba injini. Maboya yanaelea na kumeza kishindo. Boti za namna hiyo zilikuzwa miaka ya 1960 katika chuo cha Atlantic huko Wales, wanafunzi na mkuu wao, Desmond Hoare, wakitafuta boti za uokoaji. Za mpira mtupu zilikuwa zikichanika chini kwenye kokoto, wakaziwekea sakafu ngumu.

Ni boti nzuri. Neno "haizami" mwachie mwuzaji.

Kuna mambo mawili ya kuangalia kabla hujatoa hela. La kwanza ni mstari ule ambapo mpira umegandishwa kwenye faiba. Popote kigumu kinapokutana na laini, mpasuko huanzia hapo, iwe kwenye meli ya anga, kwenye boti au kwenye pete ya turubai. Nenda asubuhi na ndoo ya maji ya sabuni na brashi. Jaza maboya, pakaza mstari mzima, hasa nyuma kwenye injini, na uutazame kwa subira. Mapovu madogo yanayojirudia mahali pamoja ni gundi iliyochoka. Boya moja lina vyumba kadhaa, kila kimoja na valvu yake. Jaza kimoja kimoja, umwambie mwuzaji akusubiri mpaka alasiri uone kipi kimelegea. Akianza kuwa na haraka, na wewe uwe na haraka ya kuondoka.

La pili ni jua letu. Tuseme umejaza paundi 3.6 asubuhi, hewa ya ndani ikiwa nyuzi 25. Boti ikashinda mchangani, mpira ukapata moto mpaka nyuzi 50. Presha itapita paundi 5, imeongezeka kwa zaidi ya asilimia 40, na hakuna aliyegusa pampu. Watu wengi wanashangaa kwa kuwa wanahesabu kutoka kwenye geji, wakati hewa inahesabu na ule uzito wa anga wa paundi 14.7 unaotukalia wote. Basi ukiipandisha nchi kavu mchana, punguza upepo. Ukiishusha majini itapoa na kulegea, ongeza. Ifunike na turubai, na hapo sina upendeleo wowote. Uliza pia mpira wake ni haipaloni, ule mpira wa kiwandani unaovumilia jua, au plastiki. Plastiki ni rahisi kwa bei, ila jua linaimaliza mapema.

SWALI: Mama, binti yangu anatimiza miaka sita, nataka kukodi lile jumba la upepo la kurukia watoto. Mwenye nalo anasema feni lazima iwake muda wote. Umeme wetu Mbezi unaujua. Akilijaza mara moja akaziba, si linatosha?
— Mama Mwenzio, Mbezi Luis

JIBU: Halizibiki, mwenzangu. Limeshonwa kwa cherehani, na kila tundu la sindano linatoa upepo. Limetengenezwa livuje na feni ifidie. Nalo halina mkuku wala kipande kimoja kigumu, kwa hiyo feni ikizimika hakuna kinachobaki kushika umbo. Kuta zinawaangukia waliomo, taratibu lakini zinawaangukia.

Mwambie aje na jenereta lenye mafuta, aliwashe mbele yako kabla ya keki. Mtu mzima mmoja akae mlangoni kazi yake ikiwa hiyo tu, umeme ukikatika watoto watoke kwanza, maswali baadaye. Hesabu kamba: kanuni za Ulaya zinataka si chini ya sehemu sita za kulifunga ardhini, na lisitumike upepo ukizidi kilomita 38 kwa saa. Vigingi viingie kwenye udongo mgumu; mchanga mtupu haushiki. Na akikwambia jenereta liko njiani, mwambie na watoto nao wako njiani.